Mkate wa Mgongo

Shakira Mukandayisenga hajawahi kuoka mkate maishani mwake. Chapati zake zenyewe majirani wa Biryogo huzisifia kwa adabu tu, huku wakizitafuna kwa muda mrefu. Hata hivyo, ukiandika jina lake leo kwenye kompyuta za ofisi fulani hapa Kigali, utaambiwa ni muoka mikate wa daraja la kwanza, bingwa wa mkate wa mgongo. Usicheke bado. Yeye mwenyewe hakucheka.

Kazi yake ni kukanda watu. Aliisomea Tanga, alikopelekwa akiwa msichana kukaa na shangazi yake, maana ukoo wao ni wa wale wafanyabiashara waliotoka pwani zamani wakaja kuuza vitambaa huku milimani. Siku ya kwanza darasani, mwalimu alipolisikia jina la Mukandayisenga alipiga makofi. Akasema huyu kaandikiwa, jina lenyewe limebeba kukanda! Shakira akamweleza kwamba kwa Kinyarwanda jina hilo lina habari za kumwomba Mungu, wala halina mgongo wa mtu ndani yake, lakini mwalimu alikuwa ameshafurahi. Shakira akarudi nyumbani na Cheti cha Ukandaji, Daraja la Kwanza. Chini yake yameorodheshwa masomo aliyofaulu: kukanda mgongo, kukanda shingo, kukanda miguu, kukanda mama mzazi.

Chumba chake kiko nyuma ya duka la Usumani, fundi cherehani. Humo wamepita madereva, wanawake waliojifungua, mafundi wenzake Usumani wenye shingo zilizokataa kugeuka, na Cyprian, Mtanzania wa ofisi moja ya mizigo kule Kagarama, ambaye hukaa kwenye kiti mpaka kiuno kinasahau kazi yake. Mumewe Shakira alipofariki, mikono yake hiyo ya kukanda ndiyo iliyomlea Aidah, binti yao wa pekee.

Sasa, mjini hapa ukisema unafanya masaji, mtu anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Shakira alilichukia tabasamu hilo kuliko ugonjwa. Aidah naye alikua nalo, shuleni na mtaani, akajifunza kulikwepa. Alipochumbiwa na Mutabazi, kijana wa Rebero, watu wa Rebero wakauliza mama mtu anafanya kazi gani. Aidah akajibu, "Iko kwenye mambo ya afya," kisha akawauliza kama wataongeza chai. Shakira alikuwa jikoni. Alisikia kila neno, na ilimuuma, tena ilimuuma kweli, kwa sababu mtoto hakusema uongo. Alisema nusu ya mama yake na nusu nyingine akaificha chini ya meza.

Ndipo Cyprian, akiwa kifudifudi, akampa wazo. Bima ya kazini kwake ilikuwa imetangaza kwamba italipia kukandwa, mradi mkandaji awe amesajiliwa na ana namba.

"Mama Aidah, tafuta namba," alisema huku mdomo wake umebanwa kwenye mto. "Ukiwa na namba, bima inalipa. Na mtu mwenye namba hachekwi."

Hiyo ya pili ndiyo iliyomwingia Shakira. Akapiga hesabu ya moyoni: siku ya kuja kuposa, kabla ya ng'ombe kutajwa, Aidah ataweza kusema mbele za watu, mama yangu ni mtaalamu wa tiba ya kukanda, amesajiliwa, kwisha maneno.

Ofisi inayosajili watu wa tiba ilitaka cheti kitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri aliyekula kiapo. Akapelekwa kwa Bwana Bigirimana, mtu wa mihuri mingi na tai fupi. Hapa nataka tumtendee haki Bigirimana, maana hakuwa mjinga. Alipoona neno kukanda, alijua kabisa kwamba kwa Kinyarwanda gukanda ni kumminyaminya mtu mwenye maumivu. Shida ilianzia hapo hapo. Mtafsiri aliyesoma amefundishwa kutoamini maneno yanayofanana kutoka lugha moja kwenda nyingine, kwamba yanadanganya. Basi akaona huu ni mtego, akafungua kamusi ya Kiswahili, na kamusi ikaanza na unga.

Kuanzia pale alikwenda mbio bila breki. Mgongo akaufanya aina ya mkate mrefu. Shingo ikawa mkate wa kusokotwa. Miguu ilimpa tabu kidogo, akaandika vipande vya mwisho vya mkate. Alipofika kwenye kukanda mama mzazi alifurahi sana, kwa kuwa alikumbuka waokaji wana donge la zamani la chachu wanaloliita mama, linalozaa mengine. Akapiga muhuri.

Dada wa dirishani kule kwenye ofisi ya usajili alisoma karatasi ile, akamtazama Shakira kwa upole.

"Mama, hapa iko ya watu wagonjwa. Wewe iko ya mugati."

"Binti yangu, mimi nakanda watu." Akarudia kwa Kinyarwanda, akaonyesha na kwa mikono, akiikandakanda hewa ya ofisi.

"Yego, nimekusikia, mama. Mimi nimeelewa kabisa. Karatasi ndiyo haijaelewa."

Wakakubaliana waulize chuo chenyewe cha Tanga, wapige simu hapo hapo, sauti nje ili wote wasikie. Chuo kilikuwa bado kipo, ila siku hizi kinafundisha upishi na mambo ya hoteli. Sauti changamfu ikajibu kutoka upande wa pili: "Kukanda? Ndiyo, tunafundisha! Kukanda ni somo la msingi hapa. Mpeni hongera sana huyo mama, na aendelee kutumia mikono, mashine zinaharibu ladha."

Kigali si mji wa kulaza dosiye. Kwa wema kabisa, bila kuombwa, yule dada alilipeleka faili kwenye ofisi ya vyakula, na kabla Shakira hajafika nyumbani simu yake ikalia: Hongera, umesajiliwa. Namba yake ilikuwa ndefu na nzuri, na ilikuwa ya mikate.

Alisema atakata rufaa. Lakini mkaguzi alimtangulia. Aliitwa Akimana, msichana mwenye koti jeupe na glovu, mwenye haraka na heshima zote. Aliingia chumbani Cyprian akiwa amelala, mgongo unang'aa mafuta.

"Meza iko safi," alisema Akimana. Akanusa chupa. "Mafuta ya nazi, yanalika. Unga iko wapi?"

"Hakuna unga."

"Vizuri. Hakuna vumbi ya unga." Akageukia mezani. "Na huyu?"

"Huyu ni mteja."

"Mama, mwihangane, pole sana, mteja haruhusiwi kulala mahali pa kukandia."

Cyprian akainua kichwa. "Dada, mimi ndiye ninayekandwa."

Akimana akamtazama Cyprian, akatazama karatasi yake, akamtazama tena Cyprian, hasa mgongo. Ilionekana wazi kwamba anaelewa, na kwamba kuelewa hakumsaidii kitu. Mwishowe akauliza kama bidhaa hii hukaa siku ngapi kabla ya kuharibika. Cyprian akasema yeye ni wa mwaka wa sabini na tisa. Akimana akaona ni heri aandike kwamba hakuna mkate wowote ulioharibika uliokutwa mahali pale, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu, na Shakira akafaulu ukaguzi kwa sifa.

Kikaja na kioja cha bima. Kijana wa kampuni alimpigia simu akimpongeza: kama muoka mikate aliyesajiliwa, viganja na vifundo vyake vya mikono vimekatiwa bima.

"Ukiumia kwa sababu ya kukanda," alisema, "asiransi itakulipia mtaalamu aliyesajiliwa, akukande."

"Na mimi nikimkanda mtu?"

"Oya, mama. Muoka mugati hagusi watu. Hiyo ni hatari kwa afya."

Usumani alicheka hadi akashona kidole. Cyprian alitaka waende wote wakamwage ukweli ofisini, yeye akiwa kielelezo. Shakira alikuwa ameshatafuta viatu vya kuendea, viatu vyake vya msikitini, Aidah alipoingia na kufunga mlango.

"Mama," alisema, "wacha iwe hivyo tu."

"Iwe nini?"

"Iwe mugati." Aidah hakuinua macho. "Nimewaambia watu wa Rebero. Wamefurahi sana. Mama yake Mutabazi amesema watu wa mugati iko watu wa heshima. Ni siku moja tu, mama. Nivuke siku hiyo moja, rwose."

Shakira akavua viatu. Angeweza kugomba, mdomo anao, Biryogo nzima inajua. Lakini aliona shingo ya mtoto wake imekakamaa kama ya mtu anayengoja kofi, na shingo ni kitu anachokijua. Akasema sawa. Alisema sawa kwa shingo upande, kisha akaenda kumkanda mama mmoja aliyejifungua mapacha, na yule mama akamuuliza kwa nini leo mikono yake haisemi.

Siku ya posa ikafika. Hema likafungwa, viti vikapangwa pande mbili vikitazamana, fanta zikafunguliwa. Usumani alikuwa msemaji wa nyumba ya binti, ndani ya suti aliyoishona mwenyewe kwa kujipendelea. Upande wa Rebero uliongozwa na umukwe mukuru wao, yaani msemaji wa waoaji, mzee mnene mwenye fimbo na utani usiokwisha. Shughuli hii, kwa asiyeijua, ni mashindano ya kuficha: wageni wanajifanya wamepotea njia, wenyeji wanajifanya hawana binti, na kila neno la kweli linavishwa mzaha kwanza. Aidah alikuwa ndani, amevalishwa mushanana, vazi la sherehe la kufungwa begani, akisikiliza mlangoni. Bibi harusi hatoki mpaka aitwe.

Umukwe mukuru akasimama. "Sisi tumefuata harufu," alisema. "Kule Rebero usiku hatulali, harufu ya mugati inatoka Biryogo! Tumesikia huku iko mama mikono yake ni ya dhahabu. Ng'ombe tutatoa. Lakini mutuambie kwanza, binti naye anajua kukanda?"

Hema zima likacheka. Zamu ilikuwa ya Usumani, lakini Usumani alimtazama Shakira, akalisahau jibu alilolikariri wiki nzima. Na Shakira, ambaye alikuwa ameapa kukaa kimya, akajikuta amesimama.

"Mimi sioki mkate," alisema. "Sijui hata kuuoka. Nakanda watu. Wenye migongo, waliojifungua, wasioweza kugeuza shingo. Kazi yangu ni kukanda watu."

Umukwe mukuru akapiga fimbo chini kwa furaha.

"Anakanda watu!" alipaza sauti. "Mama mukwe iko na maneno, jamani! Leo tumepatikana!"

Wakapiga makofi. Wakafuta machozi. Mjomba mmoja wa Rebero alimrudilia jirani yake asiyesikia vizuri, "Amesema anakanda watu!" na jirani akakaribia kuanguka na kiti. Ukweli aliokuwa ameumeza kwa wiki nzima, ukamkwama, ukamnyima usingizi, ulikuwa umetoka mbele ya kadamnasi na kutangazwa kuwa mzaha bora wa siku. Shakira alisimama pale mikono ikining'inia, hajui kama ameokoka au ameangamia. Alitamani kulia, na alitamani kumchapa yule mzee kwa fimbo yake mwenyewe.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Aidah akatoka, peke yake, bila kuitwa, bila wasichana wa kumsindikiza. Makofi yakafa moja moja. Wazee walimtazama Usumani. Usumani akatazama vifungo vyake.

"Si utani," alisema Aidah. "Mama anafanya masaji. Hiyo ndiyo imenisomesha, imenivalisha hata hii mushanana. Ya mugati ni makosa ya karatasi, na mimi ndiye nilimwambia anyamaze. Niliona aibu. Mama, mbele ya watu wote hawa, unisamehe."

Alikuwa amelitamka neno lile zima, masaji, mbele ya ukoo wa mume. Shakira alitafuta uso wowote wa kutabasamu ili aupasue. Hakuuona. Hakuna aliyejua atabasamu vipi.

Mama yake Mutabazi ndiye aliyesogea. Mwanamke mzito, mwenye sauti ndogo. Aliinama mbele kitini, mkono mmoja kiunoni kama mwenye maumivu ya siku nyingi, akauliza kwa makini ya mtu aliye ofisini:

"Na asiransi, iko inakubari?"

"Haikubali, mama," alisema Shakira. "Labda uje kama unga."

Huo sasa ndio ulikuwa mzaha, wa kwanza aliousema siku ile, na hakuna aliyecheka. Mama yake Mutabazi alilifikiria jambo lenyewe.

"Kilo ngapi?" akauliza.

Aidah ndiye aliyeangua kicheko. Alicheka mpaka mushanana ikamshuka begani, kisha akavuta kiti akaketi karibu na mama yake, mahali ambapo bibi harusi haketi, akaushika mkono wake wenye harufu ya mafuta ya nazi na kuuweka juu ya goti lake, waziwazi, huku wazee wa pande zote mbili wakiulizana kama wamwambie arudi ndani.