Upande wa Waongo

Sisi watu wa Korogwe tulikuwa na mahakama yetu ya motokaa, na kati yetu hapakuwa na hata mmoja mwenye motokaa. Cheka ukitaka. Tulikaa kila Jumamosi jioni kwenye baraza ya duka moja karibu na stesheni, tukahukumu Wazungu walioandika habari za magari ambayo hatukuwahi kuyagusa.

Duka lilikuwa la Mwislamu mmoja wa asili ya Kihindi, muuza vitambaa, mafuta ya taa na petroli ya kupiga kwa pampu ya mkono. Shemeji yake wa Mombasa alimletea magazeti ya magari ya Kiingereza yakiwa yamekwisha kusomwa na kuchakaa. Mimi nilikuwa karani kwenye shamba la mkonge Ngombezi, kwa hiyo kusoma na kufasiri ilikuwa kazi yangu. Kaka yangu, tumbo moja na mimi, alikuwa dereva wa lori hapo hapo Ngombezi, na barabara ya kwenda Handeni aliijua shimo kwa shimo. Wa nne wetu alikuwa fundi wa magari, Msambaa mwenye mdomo mkali, ambaye hata alipokusalimia ulidhani anakugombeza.

Tulipenda hasa habari za motokaa za mbio, zile za watu wawili, fupi, zilizolala chini kama mamba. Mwandishi alichukua gari, akaliendesha siku mbili tatu huko kwao, kisha akaja na maneno yake. Nikishamaliza kufasiri, tunapiga kura. Akionekana mkweli, ukurasa wake unabandikwa ukutani kwa gundi ya unga wa muhogo, upande wa pampu. Akionekana mwongo, anapelekwa upande wa pili, juu ya madebe ya mafuta ya taa, na fundi anamwandikia kwa mkaa, herufi kubwa: MWONGO.

Na tulikuwa wakali! Kuna mmoja aliandika kwamba kiti cha gari fulani ni kizuri mno, mtu anaweza kukaa kutwa asisikie mgongo. Kaka akauliza, "Kwenye barabara gani?" Nikamwambia ya lami. "Basi ampelekee mama yake maneno hayo." Mwandishi huyo akaenda kwenye madebe. Mwingine aliandika kwamba vumbi lilimwingia kupitia sakafuni mpaka akapiga chafya barabara nzima. Huyo tulimpigia makofi, tukambandika karibu kabisa na pampu.

Mambo yaliharibika meneja wetu wa Ngombezi aliponunua motokaa ya mbio, ya kijani, yenye paa la turubai. Loo! Siku ya kwanza ilipopita mbele ya duka, mwenye duka alisahau kitambaa alichokuwa anampimia mteja. Baada ya muda likaja gazeti lenye habari za gari la aina hiyo hiyo, nami nikalisoma huku nimezungukwa hadi nikakosa hewa.

Mwandishi aliisifu injini. Aliusifu usukani. Kisha akasema hivi, na nilirudia mara kadhaa kwa kuwa fundi hakuamini: breki za gari hili zikipata moto kwenye mteremko mrefu hulegea kabisa, na dereva anayeteremka bila gia, asiyeiacha injini imsaidie kulizuia gari, asije akamlaumu mtu.

Ah, palilipuka. Lazima niwaeleze desturi yetu, msije mkatuona wendawazimu. Madereva wa malori wote wa njia ile waliteremka fri, yaani waliondoa gia kileleni, wakaliacha lori lishuke lenyewe, petroli ibaki kwenye tangi. Mabosi walitaka hivyo. Dereva aliyerudi na petroli alisifiwa mbele ya watu, na kaka yangu ndiye aliyesifiwa kuliko wote. Sasa anatokea Mzungu mmoja anasema kuteremka fri ni ujinga?

"Huyo breki zake ni za udongo," fundi akasema.

"Mimi nashuka fri na magunia ya mahindi," kaka akasema, "sembuse kigari cha kubeba mtu na mkewe!"

Nami nikaongezea chumvi yangu, maana mdomo sikunyimwa. Kura zote zilisema mwongo. Ukurasa ukaenda juu ya madebe, na fundi akaupaka mkaa kwa nguvu hata kipande kikavunjika.

Haukupita muda, meneja akaenda Handeni na gari lake, homa ikamkamatia huko, akalazwa nyumbani kwa Mzungu mwenzake. Ikaja amri kaka apande lori, akalichukue lile gari alirudishe Ngombezi. Alipotuambia barazani tulishangilia kama tunamwoza. Mmoja wetu ataishika motokaa tuliyoihukumu kwenye karatasi! Mwenye duka alimpa soda. Fundi alimwambia asikilize injini ikiwa ya baridi, kisha ikiwa ya moto. Mimi nikamwambia, "Kaka, leta habari kamili, usituletee za gazeti."

Akacheka. "Nitalishusha fri toka juu mpaka chini. Nikirudi nitawaambia kama yule bwana ana akili."

Tulisikia sote watatu.

Alichonieleza baadaye ni kifupi. Alipotoka Handeni gari lilikwenda vizuri mno, akafika kwenye mteremko, akaondoa gia. Mwanzoni aliimba. Kisha akakanyaga breki kwenye kona, zikashika. Akakanyaga tena, zikashika kidogo. Mara ya mwisho mguu ulizama mpaka sakafuni na hakuna kilichotokea. Gia zikakataa kuingia. Mbele yake kulikuwa na mama mmoja na tenga la ndizi kichwani. Kaka alikata usukani kwenda kwenye ukingo wa udongo, gari likapiga ukingo, likageuka, tako lake likamgonga yule mama. Mguu wa mama ukavunjika. Kaka alipasuka paji la uso tu, na mpaka leo nadhani aliona ni kidogo mno.

Akashtakiwa bomani Handeni kwa kuendesha gari kwa hatari. Meneja alisema gari lilikuwa zima na dereva ndiye mjinga. Fahamuni maana yake: kaka alikuwa hatarini kufungwa, na hata akiepuka jela, atanyang'anywa leseni. Leseni ile ndiyo iliyomfanya mtu. Mama yetu kule Magoma, mke, watoto, wote walikula kwa kitabu kile kidogo alichokifunga kwenye kitambaa cha hariri na kukiweka mfuko wa shati.

Barazani tulikaa kama watu waliofiwa. Ni mwenye duka aliyeinua kichwa akatazama juu ya madebe.

"Karani," akaniambia, "yule mwandishi si alisema breki mbaya?"

Tukatazamana. Yule yule mwongo wetu! Ikiwa breki ni mbaya na imeandikwa gazetini Ulaya, basi kosa ni la gari. Tukachemsha maji, tukaulowesha ukurasa, tukaubandua taratibu kwa kisu, mwenye duka anashika taa, mimi nashika pumzi. Ukatoka mzima, na chokaa ya ukuta nyuma yake. Fundi akausugua ule mkaa kwa kitambaa chenye maji mpaka ukafifia.

Lakini ile sentensi ya fri ilikuwa pale pale, imeshikana na ile ya breki kama pacha.

"Tukate," fundi akasema. "Mkasi huu hapa."

"Wataona umekatwa," nikamjibu. "Hakimu ni Mzungu, si mtoto."

"Basi umsomee nusu. Ukifika hapo kohoa."

Nilimkasirikia, kwa sababu ndilo nililokuwa nawaza mwenyewe. Kaka alikuwa amekaa juu ya debe, anagusa bandeji yake.

Siku ya kesi tulipanda lori asubuhi, mwenye duka amefunga duka lake, jambo ambalo watu hawakuwahi kuliona siku ya kazi. Tulipofika kwenye ule ukingo wa udongo, kaka aligeuza uso upande wa pili. Mimi midomo yangu ilikuwa inasoma kimya kimya, nikipima pa kuishia.

Nje ya boma yule mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu umefungwa mbao. Sikutaka tupite karibu naye. Kaka alikwenda moja kwa moja akachuchumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu. Akamtazama paji la uso. Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu, "Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Kaka alifungua mdomo, akaufunga. Tukaitwa ndani.

Niliapa kwa msahafu. Sijasahau uzito wake mkononi. Hakimu alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, aliyejua Kiswahili cha kutosha kumsahihisha mkalimani wake. Nikasoma. Nikasema mwandishi wa magari, mtu wa kazi hiyo, amelijaribu gari la aina hii na kuona breki zikipata moto hulegea kabisa. Nikaishia hapo.

"Mwandishi huyu ni mtu wa kuaminiwa?" hakimu akauliza.

"Ndiyo, bwana mkubwa. Kabisa."

Nyuma yangu mwenye duka akakohoa, kikohozi cha kweli au cha aibu, Mungu anajua.

"Nipe karatasi."

Nikampa. Akaisoma. Nikayaona macho yake yanashuka, yanafika pale, yanapita, yanarudi. Kisha akaielekeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akaiinamisha hivi na hivi. Mkaa wa fundi! Tuliusugua tukadhani umetoka, kumbe karatasi ilipokauka herufi zimerudi, za kijivu, kubwa, kutoka pembe hadi pembe.

"Mwongo," hakimu akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili. "Nani ameandika?"

"Sisi, bwana mkubwa. Barazani kwetu."

"Leo ni mkweli. Zamani alikuwa mwongo. Alisema uongo gani?"

Watu wakacheka kidogo kule nyuma, askari akawanyamazisha. Mimi nilikuwa sioni la kuchekesha. Nilikuwa nimeapa. Nikisema ukweli, nitasema kwamba tulikataa neno la kuteremka bila gia, na swali litakalofuata ni moja tu: dereva wako aliteremka vipi? Na nilijua. Nilijua hata kabla hajaondoka Korogwe. Nikisema uongo, nimeukanyaga msahafu kwa ajili ya mtoto wa mama yangu. Nilimtazama kaka. Nasema kweli, nilikuwa nimekwisha kuuchagua uongo. Ulikuwa ulimini.

"Bwana hakimu," kaka akasema, akasimama bila kuruhusiwa. "Mwache mdogo wangu. Usimuulize."

Askari akamshika bega. Hakimu akampa ishara amwachie.

"Yule bwana aliandika usishuke fri na gari hili. Sisi tukasema anaongopa. Mimi nikalishusha fri makusudi, nipate kuwaambia wenzangu. Gari halina kosa. Yule mama pale nje ameniuliza nilikuwa nakimbilia wapi, nikakosa jibu. Sikuwa nakimbilia popote. Nilikuwa najaribu gazeti."

Nilitamani kumziba mdomo. Nilitamani pia kumkumbatia. Nikabaki nimesimama pale kizimbani kama mti, mikono mitupu.

Hakimu alikaa muda mrefu akiandika. Hakumfunga. Alisema kwa kuwa amesema mwenyewe, jela ataiepuka, ila leseni itachukuliwa na hataendesha tena gari katika nchi hii. Kaka akatoa mfukoni kile kitambaa cha hariri, akakifungua fundo polepole, akakiweka kile kitabu mezani. Kitambaa akakikunja, akakirudisha mfukoni. Kwa nini alikirudisha sijui. Nilipokiona kinarudi kitupu ndipo nilipolia, mtu mzima, mbele ya Wazungu.

Karatasi yetu tulirudishiwa. Tulipofika ule mteremko dereva wa lori aliondoa gia kama kawaida. Kaka akaipiga bodi ya lori kwa kofi, pa! pa!, mpaka gia ikaingia.

Dukani Korogwe aliomba gundi. Mwenye duka akamkorogea mwenyewe ile ya muhogo. Kaka akaipaka nyuma ya ukurasa, juu ya chokaa, akaenda upande wa pampu, akatafuta nafasi kando ya yule wa vumbi, akambandika wetu hapo. Akausawazisha kwa kiganja, pembe moja baada ya nyingine. Neno la fundi bado lilisomeka.

"Mlinituma nilete habari kamili," akasema. "Ndiyo hiyo."

Kisha akavaa kofia yake na kushika njia ya Ngombezi kwa miguu, na lori lilipompita na kusimama kumngoja, alilipungia mkono liende.