Ng'ombe ya Khwisero na Miale ya Awinja

Kazi ya Awinja pale chuoni Kakamega ni kuchokoza kiini cha atomu. Anakipiga kwa miale ya gama, kinashtuka, halafu kinatema mwale wake. Hata aliyeacha shule darasa la saba anaelewa hiyo, tena haraka kuliko profesa. Shida ni kwamba mwale wenyewe hutokanga mmoja mmoja, kama kumbikumbi wa kiangazi, na mashine ya kuunasa lazima ikae kwa baridi kali siku tatu mfululizo. Ikipata joto, hesabu yote imeharibika. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kujaribu.

Baridi hiyo hutoka kwa naitrojeni, hewa iliyopozwa hadi ikawa majimaji, na mwenye nayo ni Osundwa, daktari wa kupandisha ng'ombe, anayeigandishia mbegu za fahali ndani ya mtungi anaoubebanga kwa pikipiki. Aliahidi kuja kujaza siku ya tatu, saa nne asubuhi.

Saa nne ikapita. Saa saba mashine ikapiga kelele, ikajizima. Awinja akapiga simu machozi yakimlenga.

"Osundwa, uko wapi?"

"Khwisero, dada. Ng'ombe ya mama mmoja inalilia fahali tangu alfajiri."

"Na kiini changu?"

"Hicho utakishtua hata wiki ijayo. Ng'ombe ikipoa, ni kungoja siku ishirini na moja! Ndama ikizaliwa nitaiita Awinja."

"Iite Jumatatu," Awinja akasema, akizikata kwa daftari zile siku tatu zilizoharibika. "Ndiyo siku naanza tena. Na wewe utashinda hapa na huo mtungi."