Fundi Sura na saa nne za mkono wake

Saa mbili na robo asubuhi kompyuta imeshawashwa na kalamu ya kuchorea iko mezani, lakini Fundi Sura haigusi. Mkono wake wa kulia umezama kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Kwa ule wa kushoto anaandika kwenye daftari, herufi zikilala huku na huku kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Mbele yake wamekaa binti wa marehemu na baba yake mdogo. Mazishi ni kesho alasiri. Marehemu alikuwa mlinzi wa geti la shule kwa miaka thelathini na moja, na picha pekee aliyoiacha ni ile ya kitambulisho, ndogo kama stempu.

"Alikuwa anachekaje?" anauliza Fundi Sura.

"Baba hakuwa mtu wa kucheka," binti anajibu.

"Nani kasema?" baba mdogo anadakia. "Kaka alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Ila si mbele yenu. Angecheka mbele yenu mngempanda kichwani."

"Baba mdogo, mimi nimeishi naye miaka ishirini na tisa."

"Na mimi nimelala naye mkeka mmoja kabla mama yako hajalijua jina lake."

Fundi Sura anafungua ukurasa mpya. Anaandika.

Jina hilo alipewa na wateja, na limemganda. Ana miaka thelathini na minne. Kazi yake ni kuchora kwa kompyuta sura za watu waliofariki, ili familia ipate picha kubwa ya kuweka mbele ya waombolezaji. Wengi humletea picha za simu zenye ukungu, au kipande kilichokatwa kutoka picha ya harusi ya mtu mwingine, bega la jirani bado likionekana.

Anafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yake. Kina dirisha moja lenye pazia zito, maana jua likipiga kwenye skrini rangi ya ngozi hudanganya. Meza ni ile ile ambayo shangazi alikuwa akikatia nguo kabla macho hayajamgomea, na ukipitisha kiganja utaihisi mikwaruzo ya mkasi.

Kwa miaka sita alichora kila picha kuanzia mwanzo, hadi uzi wa kifungo. Picha moja ilimla siku mbili, naye alikaa kwenye kiti saa kumi na nne kwa siku. Kisha vidole vitatu vikaanza kufa ganzi. Asubuhi moja alishindwa kufunga kitasa cha mlango.

"Daktari aliniambia nina saa nne za mkono kwa siku," anasema. "Nikizidisha, mwaka kesho nitakuwa nakula kwa kushoto. Nikamwuliza, na kuchora je? Akasema, kumo humo humo."

Saa nne kwa siku, na familia zinazosubiri siku mbili tu kabla ya kuzika. Alijua ni lazima aongeze kasi au aache. Hakujua apunguze nini.

Alianza vibaya. Aliharakisha kila kitu, macho na vifungo kwa mwendo mmoja.

Wachoraji wa kompyuta wana desturi ya kuigeuza picha, kushoto iwe kulia kama kwenye kioo. Jicho likikaa na sura kwa muda mrefu huizoea, likaacha kuona taya lililopinda. Ukiigeuza, kosa hujitokeza lenyewe. Fundi Sura huigeuza kila picha mara nne au tano, kisha huirudisha.

Siku moja alikuwa na picha tatu za haraka. Moja ilikuwa ya mwashi aliyekuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto. Aliigeuza, akarekebisha taya, akaituma kwa mchapishaji. Hakuirudisha.

Ilibebwa mbele ya jeneza hivyo hivyo, kovu likiwa kulia. Hakuna aliyesema neno. Wiki moja baadaye mjane wa mwashi alibisha mlango, akakaa kwenye kiti hiki wanachokalia wateja.

"Aliniambia, 'Mwanangu, umechora vizuri sana. Ila huyu simfahamu.'" Fundi Sura anasimulia. "Hakunigombeza. Angenigombeza ningelala."

Alirudia picha bila malipo. Lakini mwashi alikuwa ameshazikwa mbele ya uso usio wake, na hilo halirudiwi.

Aliyemtoa kwenye shimo hilo ni shangazi. Mama huyu wa miaka sabini na moja hajawahi kushika kompyuta, na ana ulimi wa wembe. "Unawapamba marehemu wakati walio hai humu ndani hawajachemshiwa hata maji," humwambia kila asubuhi. Lakini jioni ile alimkuta mpwa wake amejiinamia, akavuta kiti.

"Nilimwambia ukweli," shangazi anasimulia. "Mimi nimeshona miaka arobaini. Fundi wa nguo hakati kola kila siku kama ndiyo kola ya kwanza duniani. Ana makaratasi yake ya vipimo ukutani, anaweka juu ya kitambaa, anakata. Lakini kifua cha mteja hakina karatasi. Kifua lazima umpime mwenyewe, hata kama ni pacha wa yule wa jana."

Ndipo Fundi Sura akaketi mwezi mzima kuandaa makaratasi yake. Leo ana kola thelathini zilizochorwa tayari, mabega ya kila umbo, vitambaa, mitandio, na mandhari tisa za nyuma. Mkono wa kushoto, ambao zamani ulikaa bure, sasa ndio unaobonyeza vitufe vya kubadilisha brashi, ili wa kulia uchore tu.

Huanza kwa picha ndogo kama kiganja, asije akazama kwenye kope kabla fuvu halijakaa sawa. Na pembeni mwa kila picha, kushoto, huweka mstari mwekundu. Akiuona kulia anajua picha imegeuzwa. Mstari huo ndio kitu cha mwisho kufutwa.

"Hakuna aliyewahi kulia kwa sababu ya kifungo," anasema. "Watu wanalia kwa jicho na mdomo. Basi saa zangu nimezipeleka huko."

Zamani alimaliza picha tatu kwa wiki. Sasa anamaliza tano, na ganzi imerudi nyuma hadi kwenye kidole kimoja.

Kinachowashangaza wateja ni nusu saa ya kwanza, hii ya maswali na beseni. Wamekuja mbio, na mchoraji hachori. Yeye anasema nusu saa hiyo humwokolea saa tatu za kufuta.

"Si ungeanza tu?" binti wa mlinzi anauliza sasa, akiangalia saa. "Mwenzangu kajaribu programu ya simu inayochora yenyewe, ilitoa picha kwa dakika moja."

"Mwonyeshe hiyo picha," baba mdogo anasema.

Binti anasita, kisha anatoa simu. Kwenye kioo mlinzi anatabasamu kwa meno meupe yaliyopangwa kama vigae.

"Thelathini na mawili!" baba mdogo anapiga paja. "Kaka kapewa meno ya mtangazaji wa televisheni! Wakati alikuwa na pengo hapa tangu tuko vijana. Ndiyo maana alikuwa anacheka amefumba mdomo, kidevu kinapanda."

Binti anamgeukia.

"Baba alikuwa na pengo?"

"Hukujua?"

"Hakuwahi..."

Fundi Sura anatoa mkono kwenye maji, anaufuta, anaikuza picha ya kitambulisho kwenye skrini. Mdomo wa juu umelala kidogo upande mmoja.

"Pengo lilikuwa upande gani? Upande wake yeye, si wako unayemtazama."

"Kushoto kwake."

"Hapa ningemnyoosha," anasema polepole. "Nilidhani ni kosa la kamera."

Anashika kalamu. Koti la sare analipata kwenye hifadhi yake kwa dakika tatu. Mdomo unachukua saa moja na nusu. Katikati anasimama mara mbili kuupumzisha mkono, na saa ya ukutani inaendelea.

Saa tisa na nusu wateja wanarudi. Mlinzi yuko kwenye skrini, mdomo umefumbwa, kidevu kimepanda, na macho yamejaa kitu anachokizuia kisitoke.

Baba mdogo anatazama, kisha anageukia ukuta na kuuegemea kwa kiganja. "Kaka," anasema, basi.

Binti anasogea karibu. "Mimi sikuwahi kumwona hivi," anasema. "Lakini ni yeye." Machozi yanapomtoka hayafuti.

Fundi Sura anaufuta mstari mwekundu, anaituma picha.

Baada ya wao kuondoka, anaeleza anachokitaka. Amechoka kuwapima watu kwa midomo ya wengine. Anataka, kuanzia mwezi ujao, Jumamosi mbili za kila mwezi ziwe za walio hai. Wazee waje, wakae karibu na dirisha, wacheke, wakasirike, naye awachore kwa saa zake nne. Familia ipate sura kabla haijaanza kuibishania.

"Watu watasema nawaita kifo," anakiri. "Itabidi mtu mmoja aanze."

Mtu huyo, kutoka chumba cha nyuma, amekataa mara tatu. "Unataka kunizika ningali nakula?" alimwuliza. Leo anapoulizwa tena, shangazi anatokea mlangoni, anaitazama skrini ambamo mlinzi bado yumo. Anasogea hadi pua inakaribia kuigusa.

"Jumamosi hii?" anauliza.

"Jumamosi hii, shangazi."

"Usinitabasamishe. Nichore ninavyokutukana. Watoto wa kaka yangu wote wananijua hivyo."