Nyumba Zisizo na Mtu

Jumamosi mchana nilikuwa Kikoneni, nikifuatana na mama mmoja anayepita nyumba kwa nyumba kuwaalika wanawake kwenye mkutano wa kudai haki zao. Mlango wa kwanza alipiga hodi. Sauti ya kike ikajibu kutoka ndani: "Hakuna mtu!" Maana yake mume ametoka. Huku kwetu ndivyo wanawake tunavyojibu, wala hakuna anayeshtuka.

Mlango wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, tulisikia kinu kikitwangwa ndani.

"Hodi!"

"Hakuna mtu!"

Mwenzangu uvumilivu ukamwishia. "Haya dada, na anayetwanga ni nani?"

Kinu kikanyamaza. Tukangoja juani. Nyumba nzima ilikuwa kimya kama kweli imehamwa. Mwishowe pazia la mlango likatikisika, na sauti nyingine, ndogo, ya mtoto wa kike, ikatujibu kwa adabu zote:

"Shikamooni. Mama amesema hakuna mtu. Hata mimi sipo."

Wanaume wanaoniuliza kila siku wanawake tunataka nini tena, waende wakapige hodi pale.