Kaburi la Filemoni Nyuma ya Jumba la Miwati

Esnath wa Mahongole, mkulima wa viazi, ana miaka hamsini na minane na hajui kurudi nyuma. Akisema anakwenda, ujue ameshafunga kanga kiunoni. Jambo moja tu lilikuwa limemshinda, nalo lilimuuma kila Pasaka: kaburi la baba yake, Filemoni, hakuwahi kulipalilia.

Walutheri wa huku, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, hushika majembe wakasafisha makaburi ya watu wao, ili alfajiri tarumbeta zikipigwa kila mtu asimame penye kaburi la mtu wake, pasafi. Esnath alikuwa akisimama kwenye makaburi ya ndugu za wenzake. Filemoni alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mwenye shamba la miti ya miwati, kule mbele ya Mdandu. Alikufa kwa homa wakati wa masika, barabara imekatika, wakamzika palepale nyuma ya jumba, Esnath akiwa na miezi minne. Baadaye Mzungu akaondoka, paa likaanguka, na jumba likapata sifa mbaya. Watu wazima na akili zao walisema kila wiki ya Pasaka Mzungu hurudi kuchimba: jembe linasikika, mchimbaji haonekani. Wakaacha hata kuokota kuni pale.

Aliyemuudhi Esnath zaidi ni mama yake, Dorika. Mama aliolewa tena na mzee Aron, na Aron alimwapisha kwamba hatakanyaga kwenye kaburi la mume wa kwanza. Mama akaapa, akanyamaza. Esnath alipokuwa msichana alimwuliza baba amelala upande gani hasa, akaambiwa aendelee kumenya viazi. Tangu hapo aliamini mama amemsahau baba, na siku za hasira alimwambia hivyo usoni. Hata Aron alipofariki mwaka jana, mama, ambaye miguu ilikuwa imeshamkataa mwaka mmoja kabla, hakulitaja kaburi.

Mwaka huu Esnath akasema basi. Jumamosi asubuhi alikodi bodaboda ya Haruni, baba wa watoto watatu, aliyepiga domo njia nzima. Walipofika kwenye nguzo za geti la zamani, Haruni akazima pikipiki, akadai plagi inasumbua. Esnath akamwambia plagi hiyo ina woga, akateremka, akaingia peke yake.

Tusidanganyane, aliogopa. Ukungu ulikuwa umejaa mpaka sebuleni, ambako mti ulikuwa umeota katikati ya sakafu. Alipita akiimba pambio kwa sauti ya kuwatimua popo. Alijua huko nyuma atakuta pori, na pengine kaburi lisijulikane tena. Hilo ndilo lililomtisha kuliko Mzungu.

Hakukuta pori. Pembeni miwati ilikuwa minene, lakini nyuma ya jiko palikuwa na nyasi za magotini tu, na katikati yake kaburi, limezungushiwa mawe yaliyopangwa kwa mkono. Ndani ya tanuri la mikate lililobomoka kulikuwa na jembe. Esnath akalitoa. Kwenye mpini palichomwa herufi mbili kwa waya wa moto: E.F.

Alizichoma mwenyewe. Jembe lile alimnunulia mama sokoni Makambako, alipouza viazi vyake vya kwanza. Mama alisema limeibwa, na Esnath akamshuku jirani yao Priska, akamnyima salamu karibu miaka mitatu.

Akakaa chini. Kila wiki ya Pasaka mama alikuwa akiaga kwamba anakwenda Ilembula hospitali kumwangalia mgonjwa, wala hakuna aliyejiuliza kwa nini ndugu zao wanaugua kwa ratiba. Kumbe Mzungu aliyekuwa akichimba ni Dorika. Nyasi zile zilikuwa za tangu miguu ilipomkataa. Esnath alilia kwa aibu, kisha akapalilia kwa jembe lilelile mpaka mchana.

Nyumbani alimwamkia mama kwa Kibena, akapiga magoti, akaliweka jembe mbele yake. Mama alipitisha kidole juu ya zile herufi.

"Niliapa mbele ya Mungu, halafu nikavunja kila mwaka," alisema. "Ningekuambia nini, mwanangu?"

Esnath alimwomba radhi kwa maneno yote aliyowahi kumtolea. Kisha akamwambia kesho wanakwenda wote. Mama akamkumbusha miguu. Esnath akajibu kwamba miguu hakuialika.

Haruni alipoelezwa kwamba mzimu wenyewe ndiye abiria wake, alicheka mpaka akakohoa, na kabla ya mapambazuko wakapanda mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja, mama katikati. Kwenye nguzo Esnath alimfunga mama mgongoni kwa kanga, kama mtoto, akavuka naye sebule na jiko bila kupumzika. Akamketisha juu ya mawe. Kwa mbali tarumbeta za Mdandu zilikuwa zimeanza.

Mama aliupapasa udongo uliolimwa jana.

"Filemoni," alisema, "unisamehe, nimechelewa sana. Mtoto wako nimekuletea. Huyu hapa."

Esnath, ambaye mgongo ulikuwa bado unamuuma, hakumsahihisha. Akasogea, akapiga magoti, akamwamkia baba yake.