Pikapu Niliyoipaka Rangi kwa Ajili ya Msiba

Jamani, acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Nyabusozi, maana wao wakianza hawaishii njiani, na aibu yenyewe ni yangu, sina pa kuikwepea.

Baba mkwe alifariki akiwa hospitalini Biharamulo, nikajitolea kumpeleka kijijini kwao Nyabusozi kwa pikapu yangu (ya zamani kuliko ndoa yangu, lakini inatembea). Hapo bado sijakosea. Kosa lilianza nilipoutazama mlango wa nyuma wa bodi, ule tunaoushusha wakati wa kupakia mizigo, nikaona kutu imeula, nikasema wakwe hawawezi kuniona hivi. Nikaenda kwa rafiki yangu Zakaria, fundi wa bodi, nikashika brashi ya waya na mimi, tukakwangua. Kutu ikatoka maganda kwa maganda, na kila ganda likitoka bati linazidi kuwa jembamba, mpaka pale kwenye bawaba bisibisi ya Zakaria ikapenya ikatokea upande wa pili.

"Hapa hakuna bati," akasema. "Ni kutu imeshikana na kutu. Tukate, tuchomelee jipya. Kesho unachukua."

Kesho wapi, na marehemu anangoja? Ningeweza kuung'oa mlango nikafunga kamba tu, lakini nani anamzika mkwe wake kwa kamba (kiburi hicho), nikamwambia azibe matundu kwa puti, nikapaka rangi ya bluu mwenyewe. Ikang'aa. Kule hospitalini shemeji yangu akaizunguka akasema, "Shemeji, kumbe una gari," nami nikavimba kichwa mbele ya jeneza la baba yake.

Mama mkwe akakaa nyuma na wanawake wenzake, mgongo kwenye mlango ule ule, mkono juu ya jeneza. Nilijua, nikanyamaza. Kilima cha kwanza baada ya kuacha lami nikasikia kishindo, na nilipofika nyuma mlango uko chini, jeneza limeteleza mpaka barabarani, mguu wa mama umebanwa chini yake.

Nikalinyanyua jeneza upande mmoja, nikalisogeza. Kisha nikasimama. Kwetu mama mkwe haguswi. Miaka yote namwamkia shikamoo kwa mbali, macho chini. Nikawaita wanawake washuke, wao wanalia tu, na yeye yuko vumbini, kitenge chake kimejaa vipande vya ile bluu yangu.

"Mkwe," akasema taratibu, "niinue. Ambaye angekukataza yumo humo."

Nikamwinua, msafara mzima unatazama. Alikuwa mwepesi. Baba mkwe tulimzika katika jeneza lililopasuka ubavu, tumelifunga kwa kamba.

Mama anachechemea mpaka leo, na hajanilaumu hata siku moja, hilo ndilo linaloniuma. Siku hizi kutu naikwangua mpaka nilikute bati, na nisipolikuta nasema sijalikuta, hata wakwe wakiwa wamesimama hapo.