Nati Iliyokwisha Kukazwa

Kijana aliyekuja toka ng'ambo kujitolea kuchimba kisima alikuwa na viganja vya malengelenge, na kila akiipita pampu alikaza nati, hata iliyokwisha kukazwa. Mama aliyempa chumba hakumwelewa kichwa wala miguu. Siku maji safi yalipotoka, watu wakipiga vigelegele, yeye alikaa pembeni ameshika tama. Jioni mama akamkuta analegeza nati ileile, kisha anaikaza tena.

"Mwanangu, imeharibika?"

"Hapana, mama. Nzima kabisa," akajibu kwa sauti ya mfiwa.

Mama akavitazama vile viganja vilivyokosa kazi. Akaingia jikoni, na bila kujua kilichomtuma, akalegeza bawaba ya mlango kwa kisu.

"Mwanangu, njoo na vifaa vyako! Huku kumeharibika."